Sura ya Tisa: Maji ya Rangi ya Chai

Gari la marehemu liliingia katika uwanja wa kituo cha polisi saa tatu kasorobo asubuhi, likifuka mvuke chini ya boneti kama birika lililosahauliwa jikoni. Lilipita lango likikohoa, likajikokota mpaka penye kivuli cha ukuta wa stoo, likazimika lenyewe kabla dereva hajagusa ufunguo.

Inspekta alilitazama kutoka dirishani, kikombe cha chai mkononi. Lilikuwa gari dogo la bluu, la miaka thelathini na ushee, lililopendwa na mwenyewe alipokuwa hai na kuachwa ukiwa tangu afe. Dereva alishuka, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata, akaanza kupepea mvuke kwa gazeti.

"Huyu si alisema amebadilisha kulanti Jumamosi?" Inspekta aliuliza.

Koplo wa zamu, aliyekuwa akijaza kitabu cha matukio, aliinua kichwa. "Nani, afande?"

"Shemeji. Ameingia na jiko la moshi."

"Labda kaweka uji humo."

Inspekta hakucheka. Aliweka kikombe chini, akachukua daftari lake nene lililofungwa kwa mpira wa soksi kuukuu. Kwa ajili ya daftari hilo kituo kizima kilimwita Bi Daftari, mbele yake na nyuma yake. Alilifungua penye ukurasa aliokunja pembe.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi iliyopita Mama Mkunga, mjane aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mji ule, alishinda hospitali na mzazi mwenye uchungu mgumu. Ufunguo wa nyumba alimwachia jirani yake, fundi wa magari, ambaye mikono yake haikuchagua kazi, aje amtengenezee pampu ya maji. Aliporudi jioni, pampu inavuta, lakini bahasha ya hati ya nyumba haimo kabatini. Hakuna kitasa kilichovunjwa. Hakuna dirisha lililoguswa. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja, na Jumapili akatiwa ndani. Leo Alhamisi, saa nane mchana, gari la mahakama lingemchukua akasomewe shtaka la wizi. Akishasomewa, atakaa rumande miezi mingi akisubiri kesi, na gereji yake itafungwa kufuli.

Alikuwapo mtu mwingine wa kutiliwa shaka, naye ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Mkunga. Kwa kuwa mjane alimwita shemeji, mji mzima ulimwita Shemeji, hata wasiomjua kaka yake. Baada ya matanga alilichukua gari la bluu, "kulitunza tu", na tangu hapo hakuchoka kusema nyumba ile iuzwe. Aliwahi kuwa na ufunguo wa nyumba, akasema umepotea. Lakini alikaa mbali, mwendo wa saa mbili kwa basi, na Jumamosi nzima alikuwa kwake akibadilisha kulanti, maji ya kupozea injini ya gari. Jirani yake, mshona viatu, aliona boneti wazi tangu asubuhi mpaka jua linazama. Gari lisilo na maji haliendi popote, na aliyelala chini yake haendi popote pia. Leo alikuja kituoni aende mahakamani kama shahidi.

Mstari wa mwisho wa ukurasa Inspekta alikuwa ameupigia mstari mara mbili. Alimwuliza mshona viatu: ulimwona yeye mwenyewe? Mshona viatu akajibu: nilisikia redio yake ikiimba.

*

"Unataka nimtoe mshitakiwa mahabusu amtengenezee gari shahidi," alisema Mkuu wa kituo, polepole, kama mtu anayesoma barua ya kichaa.

"Uwanjani, afande, mbele ya macho yako. Koplo atasimama naye. Na mwenye gari mwenyewe anaomba fundi. Wa karibu ndiye huyo tuliye naye."

"Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu injini iliyosafishwa na kujazwa kulanti mpya siku tano zilizopita haichemki kwa safari ya saa mbili. Ama mtu huyu hajui kazi, ama hakuifanya. Nataka maji yote yatoke nione."

Mkuu alitazama saa ya ukutani. Alikuwa mtu wa karatasi zilizonyooka, na kesi hii ilikuwa imeshanyooka. "Jumanne ulikwenda kwake. Ulimpekua?"

"Nyumba yote. Gari pia. Viti, buti, tairi la akiba, chini ya mazulia."

"Ukapata nini?"

"Kuku kumi na mmoja."

"Saa nane, Bi Daftari. Ikipita dakika moja, fundi wako yumo ndani ya gari la mahakama."

*

Fundi alitoka akisugua viganja, macho yamefinyika kwa mwanga. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi za kuhesabika, na watu walimpa jina la Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ilipomkuta na gunia la saruji. Hakumtazama Shemeji. Aliliendea gari, akainua boneti, akaweka mgongo wa mkono juu ya mpira mnene wa juu wa rejeta, kifaa kinachopoza maji ya injini, akauondoa upesi. Kisha akageuka, akaenda kuketi juu ya tofali.

"Vipi?" akauliza Koplo.

"Tunangoja."

"Tunangoja nini, mzee? Kuna mahakama hapa."

"Ukifungua kifuniko cha rejeta sasa hivi, maji yatakurukia usoni na hizo ndevu zako hutazinyoa tena. Nipe saa moja na nusu. Ipoe mpaka mkono uweze kulala juu yake."

Koplo alijishika kidevu, akasogea nyuma hatua mbili.

Inspekta aliitumia saa hiyo kama mtu anayetumia sabuni ya mwisho. Alimkaribisha Shemeji kwenye benchi la ukumbini, akamletea chai, akaketi kando yake na daftari magotini.

"Mimi mambo ya magari sijui, Shemeji," alisema. "Nielezee tena ile kazi ya Jumamosi, niandike vizuri. Ulianzaje?"

"Kama nilivyosema. Nilifungua kizibo cha chini ya rejeta, nikamwaga maji yote ya zamani."

"Kizibo hicho kinafunguliwa kwa spana?"

"Kwa mkono tu."

"Hakikuwa kigumu? Gari la zamani."

"Kilifunguka kama chupa ya soda."

"Halafu?"

"Nikasuuza kwa maji safi mara tatu. Halafu nikaweka kulanti mpya, ya kijani. Nenda kaangalie mwenyewe, ni kijani kibichi."

"Na tangu Jumamosi, hakuna fundi mwingine aliyeligusa? Maana isije ikawa mtu amekuharibia kazi yako."

Shemeji alinyoosha kola. "Gari langu haliguswi na mtu. Mimi peke yangu."

Inspekta aliandika neno kwa neno, akampa asome, akampa kalamu. Shemeji akatia sahihi kwa mkono wa maringo.

Saa nne ilipogonga, Mama Mkunga aliingia langoni, khanga begani, mkoba wa kazi mkononi kana kwamba huko mahakamani kuna mtu wa kuzalishwa. Alimwona fundi juu ya tofali. Fundi aliinuka kidogo, kama inavyompasa mtu kumwinukia mama. Yeye akapitisha macho, akaenda kuketi kwenye benchi lingine, mbali. Wana wawili wa fundi yule walizaliwa mikononi mwake.

"Pole, shemeji," mdogo wa marehemu alimwambia. "Leo yataisha."

"Yaishe," alisema Mama Mkunga.

*

Saa nne na nusu fundi aliweka tena mgongo wa mkono kwenye mpira wa juu, na safari hii ukakaa. Aliomba kitambaa kizito, akafunika kifuniko cha rejeta, akakizungusha robo, akangoja kikohoe, akazungusha tena. Alifanya hivyo kama anayemvua mgonjwa bendeji. Alikuwa ameletewa sanduku lake la vyombo kutoka gereji, na kila chombo alichokitoa alikilaza juu ya gunia kwa mpangilio wake.

"Inspekta, njoo uone tangi la akiba," aliita.

Ndani ya tangi dogo la plastiki, kando ya injini, maji yalikuwa ya kijani kibichi, mazuri kama juisi.

"Mmeona?" Shemeji alisema, akitembea kuja. "Nilisema nini?"

Mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama barazani mikono nyuma, alitazama saa yake, kisha akamtazama Inspekta. Koplo akaanza kukunja mikono ya shati lake, kama mtu anayejua atatumwa kumrudisha mshitakiwa ndani.

"Kijani kweli," Inspekta alisema. "Fundi, mwaga."

Fundi alisukuma beseni chini ya gari, akalala chali juu ya gunia, akaingiza kichwa na tochi. Zilionekana tu soli za viatu vyake.

"Inspekta," sauti ilitoka chini, "una magoti mazuri?"

"Yanatosha."

"Basi njoo ulale hapa. Sitaki kukuambia. Nataka uone."

Bi Daftari alikunja sketi ya sare, akalala kwenye gunia lililobaki. Mbele yake, pembeni mwa rejeta chini kabisa, palikuwa na kizibo kidogo chenye masikio mawili. Masikio hayo yalikuwa ya bluu. Rangi ile ile ya gari ilikuwa imechuruzika kutoka juu, ikapita juu ya kizibo, ikaingia kwenye rejeta, ikakauka. Ilikuwa ngozi moja isiyo na ufa hata wa unywele.

"Gari hili lilipigwa rangi lini?" aliuliza.

Alijibu Mama Mkunga, kutoka kwenye benchi, bila kuinua sauti. "Mwaka ule mume wangu alipostaafu. Miaka tisa sasa. Alimgombeza mpaka rangi, alisema amemwaga nyingi kama anapaka mashua."

"Kizibo hiki kikifunguliwa, rangi hii inakuwaje?"

"Inakatika," alisema fundi. "Kama lakiri ya barua. Haiwezi kufunguka ikabaki nzima."

Inspekta alitoka chini ya gari, akajipangusa vumbi, akafungua daftari. Akasoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. "'Kilifunguka kama chupa ya soda.'"

Shemeji alicheka. "Nilichanganya. Hicho kizibo kilikuwa kigumu, nikakiacha. Nilivua mpira wa chini. Ndivyo mafundi wengi wanavyofanya."

"Ni kweli wanafanya," fundi alisema kwa haki. Alimulika mpira wa chini, akautazama bila kuugusa. "Klipu yake imeshikana na kutu. Skrubu haina hata pa kuingiza bisibisi, imeliwa yote. Na mpira wenyewe umeganda kwenye shingo. Huu ukivuliwa unachanika. Huu haujavuliwa tangu mwenyewe yuko hai, Mungu amrehemu."

"Fungua kizibo," Inspekta alisema.

Fundi alikata ngozi ya rangi kwa ncha ya kisu, akashika masikio kwa koleo, akakizungusha taratibu kwa robo zake. Maji yakaanza kudondoka, kisha yakashuka kwa mkondo. Yalikuwa ya rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili, yenye chembe za kutu zilizotua chini ya beseni kama majani. Mwishoni kabisa ulipita uzi mwembamba wa kijani, ukapotea ndani ya weusi ule.

"Juisi iko juu, chai iko chini," alisema Koplo. Safari hii Inspekta alitabasamu.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshuka barazani bila mtu kumwona. Aliinama juu ya beseni. "Kwa hiyo hakubadilisha kulanti."

"Aliongeza kidogo tu," alisema fundi. "Lita moja na nusu, mbili hivi. Na hakutoa hewa. Ndiyo maana imechemka, kuna mapovu yamekaa humo kama mlevi mlangoni, maji hayapiti."

Mkuu alimvuta Inspekta kando, karibu na ukuta wa stoo. "Amedanganya kuhusu gari. Sawa. Mwanaume anaweza kujisifu kwa kazi ya gari ambayo hakuifanya. Mimi mwenyewe nyumbani nimesema nimetengeneza bomba. Hati iko wapi?"

"Kuna swali lililotangulia hilo, afande. Lita mbili."

"Za nini?"

"Kama hakumwaga maji ya zamani, lita mbili zilitoka wapi hata akahitaji kuzijaza? Rejeta haivuji, fundi ameikagua. Kuna mahali alipafungua."

Mkuu alitazama saa. Ilikuwa saa tano na robo. "Tafuta mahali hapo, Inspekta," alisema, na kwa mara ya kwanza hakumwita Bi Daftari. Akamwita Inspekta.

*

Fundi hakutaka kuharakishwa. Aliyamimina maji ya chai kwenye dumu, akakaza kifuniko, akabandika kipande cha plasta na kuandika tarehe na namba ya gari. Ndivyo alivyofanya kwa kila gari tangu mbuzi wa jirani alipokunywa kulanti iliyomwagwa mtaroni, maana ni tamu, na mnyama hajui. Mbuzi akafa, na fundi akaapa hatamwaga tone ardhini tena.

"Hata leo, mzee?" Koplo aliuliza.

"Leo mbuzi wameacha kupenda vitamu?"

Alifunga kizibo, akajaza maji safi kwa mpira wa bustani, akaomba ufunguo. Shemeji alisitasita, akautoa. Injini iliwaka kwa shida, ikatulia.

"Sasa," alisema fundi, akiingiza kichwa dirishani, "nafungua hita mpaka mwisho."

"Hita ya nini?" Shemeji aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Katika joto hili? Nani anawasha hita?"

"Hakuna anayewasha. Mimi nina miaka ishirini na saba kazini, sijaona mtu akiwasha. Wengine hawajui kama ipo. Lakini hita hii ya kupasha joto ndani ya gari ina rejeta yake ndogo, iko ndani ya dashibodi, na maji ya injini hupita humo. Usipoifungua wakati wa kusafisha, uchafu wake unabaki, ukiweka kulanti mpya unatoka na kuichafua. Mafundi wengi wanaruka hapo. Mimi siruki."

"Huna haja. Ongeza maji, toa hewa, nitalipia, niondoke."

"Hapana, Shemeji," alisema Inspekta kwa upole. "Gari likikuchemkia tena njiani utatulaumu sisi. Keti."

Koplo akasogea, akasimama kati ya Shemeji na lango.

Fundi alisukuma kibao cha hita mpaka kwenye alama nyekundu, akawasha kipulizi. Kutoka kwenye matundu ya dashibodi ulikuja upepo. Na pamoja na upepo ikaja sauti: pwa-pwa-pwa-pwa, kavu, ya haraka, kama mfuko wa plastiki ulionaswa kwenye waya.

Fundi alizima. Sauti ikakoma. Akawasha. Pwa-pwa-pwa.

"Hiyo si ya gari," alisema.

Wakangoja injini ipate moto. Sindano ilipanda mpaka katikati, mpira wa juu ukawa moto mkononi, lakini upepo wa matundu ukabaki baridi kama wa mlangoni. Fundi alizunguka mbele, akapenyeza mkono nyuma ya injini, penye ukuta wa chuma unaoitenga na miguu ya dereva, akamulika tochi.

"Hapa kuna mipira miwili inayotakiwa kuingia ukutani, mmoja unapeleka maji kwenye hita, mwingine unayarudisha. Haiingii. Imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha mpira mpya. Na matundu ya ukutani yamezibwa matambara." Akavuta pumzi. "Klipu mbili, mpya kabisa. Zinang'aa."

"Kazi ya kufungua hapo inamwaga maji kiasi gani?" aliuliza Inspekta.

"Lita moja na nusu. Mbili, ukiwa mzembe."

Inspekta alifungua daftari, safari hii si penye ukurasa uliokunjwa. Alirudi nyuma kidogo, kwenye ukurasa wa Jumanne, akamwonyesha fundi. Palikuwa na mchoro wa kalamu wa kitu chenye mapezi membamba yaliyopangana, ukubwa wa daftari la shule, na vijibomba viwili kama pembe za konokono.

"Kilikuwa kimeegeshwa kwenye mlango wa banda la kuku la Shemeji ili usifunguke," alisema. "Sikukijua. Nikakichora, maana sipendi kuona kitu nisichokijua nikakiacha. Ni nini hiki?"

Fundi aliutazama mchoro, kisha gari, kisha mchoro. Kicheko kikamtoka taratibu, kama kila kitu chake. "Inspekta, hiyo ndiyo rejeta ya hita. Imekwenda kulinda kuku."

"Na pale ilipotolewa pamebaki nini?"

"Sanduku tupu. Kavu. Hakuna mtu atakayelifungua mpaka siku ya kiama."

"Fungua," alisema Mkuu wa kituo.

Shemeji aligeuka. Koplo hakumshika. Alimwekea tu mkono begani, kirafiki. "Gari lako bado linawaka, Shemeji. Utaliachaje?"

Fundi alizima injini, akapiga magoti sakafuni upande wa abiria. Zilikuwa skrubu nne, vichwa vyake vimekwaruzwa juzijuzi. Alizitoa moja moja, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa zisipotee. Kisha akajisogeza pembeni na kuinua mikono juu, watu wote waione mitupu.

"Mimi siingizi mkono humo. Aingize Inspekta."

Bi Daftari alivaa glavu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ulipotoka ulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya viatu, pembe yake moja imechanika na kuning'inia. Ndani mlikuwa na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha, karatasi nene yenye mhuri, imekunjwa mara tatu.

Alivuka uwanja nayo, akaishika mbele ya Mama Mkunga, bila kumpa.

"Usiishike bado, mama, ni kielelezo. Itazame tu."

Mama Mkunga alitoa miwani mkobani, akavaa, akasoma mstari wa kwanza midomo ikimtembea. "Jina la mume wangu," alisema. "Na doa hili la chai ni langu mwenyewe."

"Sijui imefikaje humo," Shemeji alisema. Shati lake lilikuwa limeshikana na mgongo. "Mtu ameiweka. Huyo fundi..."

Inspekta alikwishafungua ukurasa wenye sahihi. "'Gari langu haliguswi na mtu. Mimi peke yangu.' Sahihi ni yako, Shemeji, na umeitia vizuri. Jumamosi uliacha boneti wazi na redio inaimba, ukapanda basi. Ufunguo hukuupoteza. Jumapili ukasikia fundi amekamatwa, ukajua tutakuja kukupekua, ukatafuta mahali pa kuficha. Ukachagua kifaa ambacho katika joto hili hakuna mtu amewahi kukigusa. Ulichagua vizuri. Kosa lako ni moja tu: umelileta gari kwa fundi asiyeruka hatua."

Shemeji aliketi juu ya tofali la fundi.

*

Gari la mahakama lilifika saa nane kamili. Lilipoondoka lilikuwa na abiria mmoja, mwenye shati jeupe lisilonyooka tena, na Mkuu wa kituo mwenyewe alitia sahihi karatasi za kumwachia huru yule mwingine, akazipiga mhuri mara mbili kwa furaha.

"Fundi, yamekwisha," Koplo alimwambia. "Nenda nyumbani."

"Yamekwisha vipi, na injini ina maji matupu?"

Hakuondoka. Alisuuza mara ya pili, akangoja ipoe, akasuuza mara ya tatu, mpaka maji yaliyotoka kwenye kizibo yakawa meupe kama ya kisimani. Polisi wa zamu walileta viti. Alichanganya kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri, akamimina kidogo kidogo, akiiminya mipira kwa vidole kama anayekamua, na kila alipominya mapovu yalipanda, yakapasuka, na maji yakashuka. Aliacha kifuniko wazi, akawasha, akangoja. Povu la mwisho likatoka. Kisha feni ikajiwasha yenyewe kwa mngurumo, na polisi wanne na Mkuu wao wakapiga makofi kana kwamba timu imefunga bao.

Fundi alibandika plasta kwenye tangi la akiba, akaandika tarehe.

Mama Mkunga alikuja akasimama kando yake.

"Mwanangu," alisema, "niliangalia ufunguo, sikumwangalia mtu. Nisamehe."

Fundi alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Pampu inavuta, mama?"

"Inavuta."

"Basi."

Mkuu alikuwa amekwishamwambia kwamba gari ni mali ya marehemu, na kwa kuwa limekwishapigwa picha kama kielelezo, litarudi nyumbani kwa mjane. Mama Mkunga alilizunguka, akapapasa rangi ya bluu iliyochuruzika pembeni, akafungua mlango wa abiria, akaketi mahali alipoketi miaka yote. Alitazama sanduku lililo wazi chini ya dashibodi.

"Na ile hita?"

"Iko bandani kwa kuku," alisema Inspekta. "Koplo ataileta kesho, pamoja na vielelezo vingine."

"Ikishamaliza mambo yenu, fundi airudishe."

Fundi alicheka. "Mama, katika joto hili? Utaiwasha lini?"

"Sitaiwasha," alisema Mama Mkunga, akifunga mkanda. "Lakini ilikuwa ya mume wangu. Irudi mahali pake."

Inspekta alifunga daftari, akazungusha mpira wa soksi mara mbili, akapanda nyuma. Fundi Taratibu alishika usukani. Gari la bluu lilitoka langoni bila mvuke, bila kikohozi, sindano imelala katikati kabisa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mji ulimwona Taratibu akiendesha kwa kasi.